Wimbo wa Len Uitwe Nani

Hapo zamani, zile za santuri, sio za wafalme na majini, kulikuwa na jamaa mmoja Mwingereza kule London, anaitwa Len Pargeter. Kazi yake gitaa la jazi. Ila sikilizeni vizuri: hakuwa na bendi, hakuwa na jina. Mwimbaji akitaka kurekodi, Len anaitwa studio, anapiga, anaondoka. Picha kwenye jalada, ya mwimbaji. Jina, la mwimbaji. Gitaa, la Len. Kesho mwimbaji mwingine, jalada lingine, gitaa la Len.

Na roho yake safi tu. Nyumbani ana mke, Mwantumu, mtoto wa Ngamiani, Tanga, binti wa mpiga udi wa taarabu. Redio ikipiga, Mwantumu anapaza sauti jikoni, "Mume wangu huyo! Mnamsikia?" Anawaambia nani? Masufuria.

Sasa bwana, masikio ya Len yakaanza kumkimbia. Zikaanza kuondoka sauti za ndege, ikafuata kengele ya mlango, mwisho minong'ono ya mkewe. Len akauchuna, akajifunza kusoma midomo. Mpiga gitaa wa kuitwa akijulikana hasikii, nani atamwita tena? Na asipoitwa, yeye atakuwa nani?

Jioni anaweka nyuzi sawa, anajiona fundi. Kumbe zimepotoka zote. Asubuhi Mwantumu anangoja aingie kuoga, analipakata lile gitaa, anarekebisha uzi mmoja mmoja, analirudisha kwenye kasha. Len akifika studio wanamsifia, "Gitaa lako tamu leo!" Naye anajiambia, bado nipo.

Studio yuko Cuthbert, mtu wa Barbados, anapiga lile besi kubwa la kusimama, limemzidi hata yeye urefu. Akamwona rafiki yake anapiga huku macho yanahangaika. Akasogea, akaliegemeza besi kwenye kiti cha Len. Akivuta uzi, mbao inatetemeka, kiti kinatetemeka, mgongo wa Len unapokea. Jamaa akawa anasikia kwa mgongo!

"Mbona unanibana?" Len akamuuliza.

"Baridi, kaka. Mimi nimezaliwa juani."

Ikawa hivyo kila wakirekodi. Mpaka siku Len akapotea kabisa katikati ya wimbo. Bosi wa studio akawaka, "Nani kaharibu?" Cuthbert akanyoosha mkono. "Mimi." Akafukuzwa palepale. Walikuwa wamempa mgongo, Len hakuambulia neno. Alichoona ni rafiki yake anafunga besi. "Nimepata kazi kwingine," Cuthbert akamwambia, akatabasamu, akatoka.

Kiti kikanyamaza.

Sasa nyuma ya kioo alikuwa anakaa fundi wa kurekodi, Colin, mtu mkavu, salamu yenyewe kwake kazi. Len akikosea, Colin anazima. "Mashine imezingua. Turudie." Len akikosea tena: "Mashine." Akikosea tena: "Mashine." Mpaka Len ajipate. Bosi akamwita Colin fundi wa hovyo mbele za watu. Colin akaurudisha utepe mwanzo.

Basi santuri moja ikabaki na nafasi mwishoni. Bosi akasema, "Len, piga chako chochote, tujaze." Len akapiga wimbo wake mwenyewe, wa kwanza maishani. Colin hakuzima hata mara moja.

"Upe jina la mtu," bosi akasema. "Mmoja! Karatasi ya santuri ni ndogo, sio mkutano wa hadhara. Nitakupigia simu jioni."

Len akawaalika Cuthbert na Colin nyumbani, wali wa nazi mezani. Akavuta pumzi. "Jamani, mimi sisikii. Muda sasa."

Hakuna aliyeshtuka. Cuthbert akacheka. "Kaka, tunajua." Na pale mezani yakatoka yote, moja baada ya jingine, Len anawasoma midomo, wali unapoa.

"Basi uitwe Cuthbert!" Cuthbert akasema. "Hawa wamepoteza nini? Mimi nimepoteza kazi. Saa hizi napigia harusi za watu wenye meno ya bandia."

Colin akakohoa. "Mimi si rafiki yako. Hapa kwako ndio naingia leo. Niliitaka sauti ya lile gitaa, basi. Ila kila kilichobaki kwenye zile santuri, kimebaki kwa sababu nilikungoja."

"Na nyuzi je?" Mwantumu akadakia. "Bila mimi mngemngojea nini?"

Len akamgeukia taratibu. "Mwantumu. Waliponisifia gitaa ndio nikaamini masikio mazima. Ningejua, ningewahi hospitali."

Mwantumu akaweka kijiko chini. "Najua. Nalala nalo hilo. Ningekuambia, ungelitundika gitaa siku ileile. Na wewe bila gitaa, mume wangu, sikujua nitaishi na nani."

Len akamshika mkono. Hakumwachia.

Simu ikalia. Wote wakageuka, isipokuwa yeye. Mwantumu akajichomoa, akapokea, akasikiliza, akaufunika mkonga kwa kiganja. "Bosi huyo. Anataka jina."

Len akamtazama Cuthbert, akamtazama Colin, akamtazama mkewe. Jina atakalolitaja, ni Mwantumu atakayelipeleka kwenye simu, liwe lake au la mwingine.

Haya, nyie wenye masikio mazima: mke aliyemtunza akamficha ukweli, rafiki aliyefukuzwa kwa ajili yake, na yule mkavu aliyemngoja. Je, nani alistahili wimbo ule?