Mtu wa Mkaa Ukutani kwa Kazija

Paukwa!
Pakawa!
Ukuta?
Mweupe!
Mkaa?
Mweusi!
Na mtu je?
Mwite aje!

Haya, ataitwa. Sogeeni. Na wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, unatuzibia upepo.

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake niliambiwa nikalisahau, alikuwepo mwanamke akiitwa Kazija. Mumewe alikuwa Sudi. Sudi alikwenda bara na msafara wa chumvi, akamwacha mkewe na mimba changa. Alisema, "Mvua zikianza nitakuwa nimerudi."

Mvua zikaanza. Mvua zikaisha. Zikaanza nyingine. Wenzake wakarudi, wakasema waliachana naye njia panda, yeye akafuata kundi jingine. Hakuna aliyeleta habari ya kufa, hakuna aliyeleta habari ya kupona. Na hilo ndilo baya, jamani. Maiti unamzika, watu wanakula hitima wanakwenda zao. Aliyepotea humziki wala humpokei.

Mtoto akazaliwa, wa kike, akaitwa Mize. Akaota meno, akaota na maneno. Siku moja akauliza, "Mama, baba yukoje?"

Kazija akafungua mdomo. "Baba yako ni mrefu." Akaishia hapo, maana warefu kijijini walikuwa wengi. "Ni mweusi, mzuri." Hata hao walikuwepo. Akaona maneno hayamleti Sudi. Tena akagundua jambo lililomtia baridi mwilini: kila akifumba macho, sura ya mumewe inafifia. Jana pua ilikuwepo, leo haipo. Akasema moyoni, nisipofanya haraka, mtoto huyu hatakuwa na baba hata wa kusimuliwa.

Basi akachukua kipande cha mkaa jikoni, akauendea ukuta wa nje uliopakwa chokaa. Kwaru, kwaru, kwaru! Kichwa kikubwa. Macho mawili. Mikono huku na huku, miguu huku na huku.

Mize akatazama. "Mama, huyu si mjusi?"

Kazija akafuta. Kesho yake akachora tena. Kwaru, kwaru, kwaru, anachora. Fyu, fyu, fyu, anafuta. Anaanza na uso, na uso unamshinda. Majirani wakipita wanamtania, "Kazija, huyo ni shemeji yetu au chura aliyekanyagwa?" Anacheka nao. Akiingia ndani, analia.

Sasa, kijijini hapo alikuwepo bibi mmoja, Bi Mauwa, mganga wa viungo. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi alipelekwa kwake. Aliyeteguka bega alipelekwa kwake. Alikuwa mkali, bibi yule! Mgonjwa akipiga kelele humwambia, "Lia, lakini usijitingishe." Siku moja alikuwa anapita na bakora yake, ko, ko, ko, akauona ukuta. Akasimama.

"Shikamoo, bibi," alisema Kazija.

"Marahaba. Huyu kaanguka wapi?"

"Nani, bibi?"

"Huyu hapa! Bega limechomoka. Goti limegeukia nyuma. Na mikono hii kaazima kwa mtoto wa nani? Mtu huyu hawezi kusimama, mwanangu."

"Ni mume wangu," alisema Kazija. "Nataka mwanangu amjue. Nifundishe, bibi."

"Mimi? Sijui kuchora hata kuku. Lakini mtu namjua. Kesho njoo kwangu, na huo mkaa uache."

Kazija akaenda. Bi Mauwa akampa mkono wa mgonjwa. "Shika. Fumba macho. Mfupa unaanzia wapi? Unaishia wapi?" Kazija akashika. Siku baada ya siku akashika viwiko, akashika magoti, akashika vifundo vya miguu. Akajua kwamba mkono ukining'inia, kiwiko kinafika kiunoni. Akajua kwamba kiganja na vidole vyake vikiwekwa usoni, vinatoka kidevuni mpaka kwenye paji. Kumbe siku zote alikuwa akiwapa watu wake vidole vya panya!

Jioni bibi alimpeleka kisimani, wakakaa kando kuwatazama wachota maji wakingoja zamu.

"Yule mwenye kanga nyekundu, mguu gani umembeba?"

"Wa kulia."

"Nyonga gani imepanda?"

"Ya kulia."

"Na bega gani limeshuka?"

Kazija akatazama sana. "La kulia hilo hilo, bibi!"

"Haya. Kamwambie mkaa wako."

Kwaru, kwaru, kwaru! Safari hii mtu akasimama. Majirani walipita, wakapunguza mwendo, wakasahau kucheka. Bi Mauwa akaja, ko, ko, ko, akamkagua kuanzia nyayo.

"Amepona," alisema. "Lakini si mume wa mtu huyu."

"Kwa nini, bibi?"

"Hajachoka. Kila mtu ana mahali pake pa kuchokea. Mmoja anachoka mgongoni, mwingine shingoni, mwingine magotini. Ukimwona kwa mbali unamjua kwa hapo. Mumeo alikuwa akichoka wapi?"

Kazija akafikiri. Akafumba macho, akafumbua. "Sikumbuki," alisema. Akarudia, "Sikumbuki, bibi." Akakaa chini mavumbini, mkaa mkononi, akalia kwa sauti. "Nimekula naye sahani moja. Nimelala naye kitanda kimoja. Na sikumbuki alivyokuwa akisimama! Nilimtazama uso tu, na uso wenyewe umeniponyoka!"

Bi Mauwa hakumbembeleza. Akaita, "Mize! Niletee maji ninywe."

Mtoto akaja na kata ya maji. Bibi hakuipokea. Akatazama kwingine, kama hakumwona. Mize akangoja. Akangoja tena. Akachoka. Uzito wote akautupa mguu wa kushoto, wa kulia akauinua, akaanza kujikuna nao nyuma ya ule mwingine. Kichwa akakilaza upande.

"Kazija," alisema bibi polepole, "mtazame mwanao. Wewe unasimama hivyo?"

"Hapana."

"Mama yako? Dada zako?"

"Hapana."

"Nani kamfundisha?"

Kazija akainua macho, na moyo ukampiga, pu! Akamwona Sudi asubuhi ile ya kuondoka. Mzigo begani. Mguu mmoja unakuna mwingine, kichwa upande, anangoja mkewe amalize kulia ndipo aende. Alikuwa amechoka kabla hajaanza safari. Mtoto hakuwahi kumwona baba huyo hata siku moja, na hata hivyo alikuwa amesimama kama yeye, mwili mzima.

"Usiondoke hapo, mwanangu," alisema Kazija. "Subiri, subiri kidogo."

Kwaru, kwaru, kwaru! Hakuanza na uso. Akaanza na mguu uliobeba. Akapandisha nyonga, akashusha bega, akaweka mzigo. Akainua mguu wa pili. Akalaza kichwa. Machozi yanamtoka na mkono unakwenda. Alipofika usoni, mkono ukasita. Akaujaribu uso moyoni, haukuja. Akauacha mtupu.

Bi Mauwa akapokea kata yake, akanywa maji yote. Akautazama ukuta. "Huyu namjua," alisema. Akachukua bakora yake, ko, ko, ko, akaenda zake.

Mize akausogelea ukuta. Akapeleka mkono, akamgusa mtu wa mkaa mguuni. Akarudi nyuma, akatazama kwa muda.

"Ndiye baba?"

"Ndiye."

"Mbona hana uso? Ametupa mgongo? Mama, hapa baba anakwenda au anarudi?"

Kazija akatazama. Ni yeye aliyechora, na hata yeye hakujua. Akamvuta mwanawe ubavuni, akamshika pale begani, bega lile lililoshuka kama la baba yake.

"Yuko njiani, mwanangu," alisema. "Yuko njiani."

Bi Mauwa alikufa uzeeni kwake, na kijijini hapo wanamtaja hadi leo. Anayejifunza kuchora watu huulizwa kwanza swali lake: anachokea wapi? Funzo lake ni hili: mpende mtu mwili wake wote, si uso wake peke yake, maana uso ndio wa kwanza kutuponyoka. Nami hadithi yangu nimeifikisha mwisho, imeishia hapo. Na aliye na mtu njiani, aende akawatazame watoto wanavyosimama.