Saa Moja Iliyozidi

Waliotutangulia duniani walituachia onyo kwamba mazoea yana taabu. Maana yake ni kuwa jambo ambalo mtu amelifanya mara nyingi humtia usingizi akiwa macho: mkono hulitenda wenyewe, na akili hukaa pembeni kama mgeni. Anayeshika kisu kwa mara ya kwanza huyatazama makali yake. Anayekishika kwa mara ya elfu hupiga soga huku akitazama dirishani, na hapo ndipo kidole kinapokwenda. Wengi huikariri methali hii, ila wanaoiogopa ni wachache. Mama Majira alianza kuiogopa siku ya Jumatatu, mchana kweupe, akiwa kazini kwake.

Mama Majira alikuwa karani katika ofisi ya mitaro ya mji mmoja wa pwani. Mtaro mkuu wa mji huo ulikuwa handaki refu la matofali, lililopita chini ya barabara na kumwaga maji yake baharini. Bahari ilipokupwa, mdomo wa mtaro ulikauka na mafundi waliingia kuzibua. Bahari ilipojaa, iliingia humo bila hodi kama mwenye nyumba arudiye kwake. Karibu na mdomo, sakafu ya mtaro iliinama na kufanya bonde. Hapo ndipo palipojaa kwanza hadi darini, na yeyote aliyekuwa ndani zaidi alikuwa amefungiwa. Kwa sababu hiyo, kila asubuhi kikosi cha mafundi kilipewa karatasi yenye saa ya kutoka, na aliyeiandika saa hiyo ni Mama Majira.

Kwa macho, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Jedwali la kujaa na kupwa lilichapishwa kwa ajili ya meli za mataifa yote, kwa hiyo lilifuata saa ya dunia, ambayo haijui kiangazi wala baridi. Mji nao ulikuwa na utaratibu wa kusogeza saa zake mbele kiangazi kilipoanza, ili watu walifaidi jua la jioni, na kuzirudisha nyuma kiangazi kilipokwisha. Wakati wa baridi, saa za mji ziliitangulia saa ya dunia kwa saa moja. Wakati wa kiangazi ziliitangulia kwa saa mbili. Ofisini palikuwa na fomu ya mistari mitatu: saa ya jedwali, tofauti ya majira, saa ya mji. Chini yake karani wa pili alitakiwa kupiga hesabu upya, kisha atie sahihi.

Lakini Mama Majira alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo, na hesabu zile alizijua kama njia ya kwenda jikoni kwake. Mistari miwili ya kwanza aliacha kuijaza zamani; aliandika jibu tu. Karani wa pili, mzee mnene mwenye maneno matamu, watu walimwita Bwana Sahihi, kwa kuwa alitia sahihi popote palipokuwa na nafasi. Watani wake walisema angeweza kuitia hata kwenye cheti cha kifo chake mwenyewe, mradi kiletwe pamoja na kikombe cha chai.

Usiku wa kuamkia Jumapili, kiangazi kilikwisha na saa za mji zikarudishwa nyuma. Jumatatu asubuhi, Mama Majira alipanda juu ya kiti, akairudisha saa ya ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akashuka akijipangusa vumbi.

"Kiangazi, kwaheri ya kuonana," alisema. "Angalau wameturudishia usingizi wetu."

Kisha akaketi, akafungua jedwali. Maji yangefika kwenye kizingiti cha mtaro saa tano kwa saa ya dunia. Mkono wake, uliokuwa umeongeza mbili kila siku ya kazi tangu kiangazi kilipoingia, ukaongeza mbili tena. Akaandika: saa saba mchana.

"Naweka hapa?" aliuliza Bwana Sahihi, kalamu yake ikiwa imekwisha kugusa karatasi.

"Pale pale pa siku zote. Au leo unataka kunikagua?"

"Nikukague wewe? Mimi sijapata wazimu."

Aliyekuja kuichukua karatasi alikuwa mumewe, msimamizi wa kikosi. Wenzake walimwita Nyundo kwa ajili ya sauti yake iliyogonga kuta.

"Hadi saa saba? Leo bahari ina huruma!"

"Huruma ni yangu. Nenda, baba, na jioni usiniletee matope yako sebuleni."

Alicheka, akaikunja karatasi, akaenda na mafundi wake wanne.

Saa sita na dakika kumi simu ililia. Alikuwa dereva wa lori la kikosi, rafiki wa Nyundo, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda mdomo wa mtaro.

"Shemeji, maji yamevuka kizingiti."

"Hayo ni mawimbi ya meli inayopita. Bado karibu saa nzima."

"Meli ipi, shemeji? Bahari ni tupu. Maji yanaingia na hayarudi. Nimepuliza filimbi mpaka kifua kinauma, hawanisikii, pampu yao inanguruma huko ndani."

Mama Majira alilivuta jedwali. "Saa tano," alisema kwa sauti, kidole kikiwa juu ya tarakimu. "Mbili. Saba." Akainua macho kwenye saa ya ukutani ili amthibitishie dereva kuwa bado mapema. Alikumbuka alivyoirudisha asubuhi ile. Kiangazi kilikwisha. Haikuwa mbili, ilikuwa moja. Saa ya kutoka ilikuwa saa sita, na ilikwisha kupita.

Hofu ilimwingia mwili mzima. Masikio yakavuma kana kwamba bahari yenyewe imeingia chumbani. Aliwaona watu watano gizani, migongo imeinama, hawana habari, na mmoja wao ni baba wa watoto wake.

"Nimewaua," alinong'ona. "Nimewaua, Bwana Sahihi."

Mzee aliitazama nakala ya karatasi, jina lake likiwa limekaa chini kwa mbwembwe zote, na uso wake ukawa kama majivu.

"Shemeji, niingie niwatoe?" sauti ya dereva ilipiga kelele simuni.

"Usiingie! Bonde likijaa utakuwa wa sita. Chukua mtaimbo, njoo kwenye tanuri la mikate!"

Alikuwa amekwisha kuitandaza ramani. Kifuniko cha kwanza cha mtaro kilikuwa juu ya bonde lenyewe. Cha pili kilizikwa chini ya lami na wajenzi wa barabara. Cha tatu kilikuwa mbele ya tanuri la mikate, mtaa wa pili kutoka ofisini. Baada ya hapo mtaro ulizibwa na wavu wa nondo ambao hata paka hapiti. Kama wangetoka wazima, wangetokea kwenye kifuniko cha tatu.

Akawapigia zimamoto.

"Tutafika baada ya nusu saa," alijibiwa. "Hapo kwenye kifuniko cha tatu maji yatafika darini saa ngapi?"

Jibu lilikwisha kufika mdomoni, kwa kuwa dakika ambazo maji huchukua kufikia kila kifuniko alikuwa nazo kichwani. Akakifunga kinywa. Alikuwa anaiogopa hesabu yake mwenyewe, kama mtu anavyomwogopa mbwa wake aliyekwisha kumuuma. Alivuta fomu, akajaza mstari wa kwanza: saa tano na dakika arobaini, saa ya dunia. Mstari wa pili: baridi, ongeza moja. Mstari wa tatu: saa sita na dakika arobaini. Akamsukumia Bwana Sahihi jedwali, huku akiifunika fomu kwa kiganja.

"Kutoka kizingitini hadi darini pa kifuniko cha tatu ni dakika arobaini. Piga ya kwako. Usitazame yangu."

Yule mzee, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alihesabu kwa vidole. Midomo yake ilikuwa ikicheza. "Sita na arobaini," alisema.

Saa ya ukutani ilionyesha sita na dakika kumi na saba. Zimamoto wangefika dakika saba baada ya maji kufika darini. Angejibu kwa mazoea, angewaambia saba na arobaini, nao wangekuja taratibu kuopoa maiti.

"Mtatukuta huko huko," Mama Majira alisema, akaiacha simu ikining'inia.

Walikimbia. Lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza: juu ya kifuniko paliegeshwa gari la kusambaza mikate, limefungwa milango, na mwenye funguo hayupo. Mama Majira alivua kiatu, akalala kifudifudi barabarani, akajipenyeza chini ya gari na kugonga chuma kwa kisigino. Kimya. Akagonga tena, akibana pumzi. Kutoka chini kikaja kishindo cha chuma juu ya chuma, mara tatu.

"Wako hapa! Jamani, kuna watu hapa chini!"

Waokaji walitoka mbio, unga umewajaa hadi viwikoni, naye akajivuta kutoka chini ya gari. Mmoja alivunja kioo cha gari kwa jiwe, akaingiza mkono na kulegeza breki, wengine wakalisukuma kwa mabega. Dereva wa kikosi alifika na mtaimbo, akihema. Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania kwa kutu. Walikibana kutoka kila upande, wakasukuma, wakateleza, wakasukuma tena. Kilipoachia, ilitoka harufu nzito na sauti ya maji yanayozunguka gizani.

Mkono ulijitokeza, wakauvuta. Mama Majira alihesabu kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze. Wa kwanza. Wa pili, anatapika maji. Wa tatu. Wa nne alitolewa akiwa amelegea kama nguo iliyolowa. Waokaji wakamlaza ubavu na kumgonga mgongoni mpaka akakohoa.

Wa tano hakuonekana.

"Yuko wapi?" aliuliza. Alipiga magoti ukingoni, akatazama chini. Yalikuwapo maji meusi tu, yamebakiza shubiri chache kufika darini. "Mume wangu yuko wapi?"

"Alikuwa ananisukuma mimi," alisema aliyekohoa, akaanza kulia.

Mama Majira alilala tena barabarani, akatumbukiza mkono hadi begani na kupapasa. Maji yalikuwa ya baridi na hayakuwa na kitu. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, huku akiomba kwa maneno yasiyo na mpangilio. Kisha vidole vikagusa vidole. Alivishika kwa nguvu ambazo hakujua kuwa anazo, dereva akamshika yeye miguu, waokaji wakamshika dereva, na Nyundo akatoka.

Alikohoa maji hadi pumzi ikamrudia. Walimketisha ukingoni mwa barabara, wakamfunika kwa magunia ya unga. Mkewe alichuchumaa mbele yake, na ule mkono alikuwa hajauachia.

"Maji yalipotufika magotini," Nyundo alisema, na ile sauti ya kugonga kuta haikuwapo tena, "vijana walitaka kukimbia. Bonde lilikuwa halijajaa, tungepita. Nikawazuia. Nikawaonyesha karatasi yako. Nikawaambia, mke wangu hajawahi kukosea, haya maji yatarudi. Yamenifika kifuani bado nakuamini wewe kuliko maji."

Mama Majira alitaka kusema chochote isipokuwa ukweli, lakini akausema. "Niliongeza mbili. Ilikuwa moja."

Nyundo aliitazama saa iliyokuwa mkononi mwake, ile ambayo naye aliirudisha nyuma juzi usiku kabla ya kulala. Akawatazama mafundi wake wanne waliokuwa wakitetemeka ukutani.

"Nami sikuuliza," alisema. "Miaka yote hii, hata siku moja sijakuuliza."

Ving'ora vya zimamoto vikasikika mwisho wa mtaa. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini na saba, na ndani ya shimo maji yalikuwa yamegusa dari. Mke na mume walikaa pale barabarani wakiyatazama, wote wawili wakilia bila kuona haya. Hakika, mazoea yana taabu.