Karatasi Nne za Sekela

Wapendwa, wiki ijayo vijana wetu wengi wanarudi vyuoni. Wazazi mnivumilie kidogo, leo nazungumza na hawa walioketi kule nyuma.

Palikuwa na binti mmoja, tumwite Sekela, aliyesomea uuguzi katika chuo kimoja huko Nyanda za Juu. Bwenini alikaa chumba kimoja na binti mwingine, tumwite Bupe. Walifika siku moja, wakagawana kabati, hata uji wa asubuhi walipika pamoja.

Siku ya kwanza ya muhula, mwalimu wa kozi ya dawa aliingia darasani akampa kila mwanafunzi karatasi nne zilizobanwa pamoja. Ulikuwa mwongozo wa kozi. "Someni," akasema, "mambo yote yamo humo." Kisha akageukia ubao akaanza kufundisha. Sekela alitafuta tarehe ya mtihani wa mwisho, akaona bado iko mbali, akazikunja zile karatasi na kuzitia kwenye mfuko wa begi. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?

Muhula ukasonga. Likaja jaribio la kwanza, la kukokotoa vipimo vya dawa. Sekela akapata arobaini na nne, na alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Akalia kidogo, kisha akajisemea kwamba yaliyopita yamepita. Bupe yeye aliikunja karatasi yake bila kumwonyesha mtu.

Baada ya wiki tatu mwalimu akabandika ukutani alama za jaribio lile. Mbele ya jina la Bupe palikuwa na sabini na nane. Sekela aliufuata ule mstari kwa kidole mara mbili, asije akawa amekosea jina. Moyo ukamchoma. Tangu siku hiyo hakuishi tena na rafiki mle chumbani, aliishi na mtu wa kuchunguzwa. Akagundua kuwa kila somo jipya likianza, Bupe ameshalisoma, kana kwamba kuna mtu anayemnong'oneza. Akagundua kuwa kila Jumatano saa nane mchana Bupe anachukua daftari na kwenda ofisini kwa mwalimu, na akirudi uso wake umechangamka. Huko kuchangamka ndiko kulikomuudhi zaidi. Hata uji aliopika Bupe ukawa haushuki.

Mnaufahamu wivu wa namna hii? Mtu wa mbali akifanikiwa tunampigia makofi. Lakini huyu tuliyeanza naye, tunayemjua anavyokoroma, huyu akifanikiwa tunakosa usingizi.

Siku moja Sekela akamuuliza, "Hivi huko kwa mwalimu unafuata nini kila Jumatano?"

"Nauliza nisipoelewa," Bupe akasema. "Twende wote siku moja."

"Mimi sina cha kumpelekea mwalimu."

Bupe alimtazama, akaelewa alichoambiwa, akaendelea kukunja nguo zake.

Sekela hakuishia hapo. Alianza kwa kumwambia msichana mmoja bombani, kwa sauti ya chini, kwamba Bupe ana lake na mwalimu, na akamwomba asimwambie mtu. Haikupita wiki, Bupe akawa akiingia bafuni wenzake wananyamaza. Kisha ikatoka orodha ya watakaokwenda mazoezini hospitalini. Bupe alikuwamo. Sekela hakuwamo, maana alama zake za kozi ya dawa hazikutosha. Siku hiyohiyo akaenda kwa mkuu wa idara, mama wa makamo asiye na maneno mengi.

"Mama, nimekuja kusema jambo wenzangu wanaliogopa. Bupe anapewa alama."

"Umejuaje?"

"Jaribio lilikuwa moja na tulilifanya siku moja. Na kila Jumatano yumo ofisini kwa mwalimu."

Yule mama akawaita mwalimu na Bupe, akamtaka Sekela ayarudie maneno yake mbele yao. Akayarudia. Bupe hakulia wala hakubisha. Alifungua daftari, akatoa karatasi yake ya jaribio la kwanza, akaiweka mezani. Ilikuwa na alama thelathini na moja.

Sekela aliitazama ile namba. Siku zote zile alikuwa akimwonea wivu mtu aliyefeli kumzidi yeye.

"Nilirudia, Mama," Bupe akasema. "Imeandikwa ukurasa wa tatu. Anayeshindwa jaribio la kwanza anaweza kuomba kulirudia ndani ya siku kumi na nne. Na masomo ya kila wiki yameorodheshwa ukurasa wa kwanza. Jumatano saa nane ni saa ya mwanafunzi yeyote mwenye swali. Nilidhani kila mtu anajua."

Sekela akaingiza mkono kwenye begi, akazitoa karatasi zake nne. Aliusoma ule mstari akiwa amesimama. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikusikika vizuri, kama bado anaweza kuomba.

"Siku hizo zilikwisha zamani, binti yangu," mkuu wa idara akasema. "Kozi hii utairudia mwakani."

Halafu akamgeukia mwalimu. "Na wewe, uliwaeleza?"

"Niliwagawia, Mama."

"Sikuuliza kama uliwagawia."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Walioshindwa walikuwa ishirini na saba," akasema. "Aliyekuja kuomba kurudia ni huyu mmoja."

Mwaka uliofuata mwalimu yule alitumia kipindi kizima cha kwanza kwa karatasi zile tu. Kila ukurasa mwanafunzi mmoja aliusoma, kisha akaueleza kwa maneno yake mwenyewe, na asiyeelewa akauliza. Sekela alikuwamo darasani, akafaulu vizuri. Lakini Bupe alikuwa ameshahama chumba. Wakikutana alimsalimia, akamuuliza hali, akapita.

Wapendwa, sisi watumishi tusijifiche nyuma ya mwalimu huyu. Tumegawa Neno mara nyingi, halafu tukaenda zetu bila kuuliza nani ameelewa. Hilo tutubu wenyewe. Lakini na wewe uliyeketi hapo, ukimwona mwenzako ana amani nyumbani kwake, unauliza anampa nani nini. Umewahi kuuliza kama ulichomwonea wivu uliahidiwa na wewe pia? Mungu hakumwandikia yeye peke yake. Soma. Usipoelewa, uliza, na uulize mapema.

Kozi Sekela aliirudia. Urafiki haukuwa na mwaka wa pili. Na humu ndani yupo mtu ambaye jina lake umelichafua wiki hii. Ibada ikiisha usije kunipa mkono mimi. Nenda kwake kwanza.