Juu Kuna Nani?

Paukwa. Nasikia watatu tu wakijibu. Paukwa tena, na safari hii nawataka na wale wa nyuma, maana karanga zangu mnazitafuna bila uvivu wowote. Haya, pakawa. Palikuwa na jua, na jua, na jua tena, na chini ya jua palikuwa na watu wawili na shimo.

Mambo haya ni ya zamani, zamani ambazo hata bibi yangu alihadithiwa na mtu aliyehadithiwa. Nchi ilikuwa hii hii yetu ya vumbi na miiba, na mvua ilikuwa imetususa miaka mitatu mfululizo. Ng'ombe walikufa, wakafa, wakafa, mpaka fisi wakakinai. Mtemi akaita wazee, wazee wakaita mpiga ramli, mpiga ramli akaonyesha mahali: bonde moja kame, mwendo wa asubuhi mpaka alasiri kutoka kijijini, pasipo na nyumba wala kivuli cha maana. Akasema maji yapo pale, ila yako chini sana. Maneno hayo hata mimi ningeyasema, tena bila kulipwa mbuzi.

Wakapelekwa watu wawili wakachimbe. Wa kwanza alikuwa Chibago, mwana wa Mzee Ndahani, mtu wa ukoo mkubwa wa wafugaji. Ng'ombe wake wote walikuwa wamekufa, na siku zile mwanamume asiye na ng'ombe hakukaa barazani na wenzake, alisimama pembeni kama mgeni. Chibago alitaka kitu kimoja tu duniani: kurudi kukaa barazani. Wa pili alikuwa Mwegoha, mtu wa milimani, aliyetekwa vitani na watu wetu. Mwaka wa saba huo alikuwa akifagia zizi la mtemi. Watu wa kwao walijua kuchimba visima, kwa hiyo mtemi akamwambia mbele ya wazee wote kwamba siku maji yakionekana atakuwa huru, atarudi kwao kwa mama yake.

Sasa nisikilizeni. Mngefika pale bondeni siku za mwanzo mngecheka. Watu wawili, mioto miwili, vyungu viwili. Chibago alisonga ugali wake wa uwele upande huu, Mwegoha upande ule, wakipeana migongo. Mtu wa ukoo wa Ndahani ale na mateka? Thubutu. Kwa Mwegoha nako hakukuwa na mapenzi, maana ndugu za Chibago ndio waliochoma nyumba ya mama yake. Mmoja alidharau, mwenzake alichukia, na jua likawachoma wote bila upendeleo.

Lakini kisima hakichimbwi na mtu mmoja. Mmoja hushuka, mwingine hubaki juu ameshika kamba, avute kapu la udongo, kisha avute mtu. Aliyeshuka alikuwa Mwegoha. Shimo lilipomzidi kimo akaweka sharti.

"Kwetu anayechimba huita na aliye juu hujibu," alisema. "Mimi nitaimba, Juu kuna nani? Wewe utajibu. Usipojibu, nitajua kamba haina mwenyewe, na sitaigusa. Baba yangu alishika kamba isiyo na mtu."

Chibago akaona huo ni upuuzi wa watu wa milimani, lakini alitaka maji. Basi chini ikatoka sauti, "Juu kuna nani?" Na juu ikajibu, kwa shingo upande, "Kuna mtu." Siku nzima hivyo. Chimba, juu kuna nani, kuna mtu. Chimba, juu kuna nani, kuna mtu. Jembe likaenda na wimbo, na wimbo ukaenda na kapu.

Jamani, ulimi una ujanja wake. Huwezi kumjibu mtu mara mia kwa siku ukaendelea kumwona kama kisiki. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, Chibago alikuwa anajibu, "Kuna Chibago." Kisha utani ukaingia. Mwegoha akiwa chini kabisa alipaza sauti kuuliza kama ni kweli wafugaji hunyonyeshwa mpaka waote ndevu. Chibago akamjibu kwamba ni kweli, ndiyo maana wana nguvu za kuvuta mizigo ya watu wa milimani waliojaa mboga tumboni. Wakacheka, huyu juu, huyu chini, shimo likarudisha kicheko mara mbili. Chungu cha Chibago kilipopasuka hakufinyanga kingine. Alikwenda akakaa kwenye moto wa mwenzake, akanawa, akamega tonge. Mwegoha akasogeza mlenda katikati. Wakala. Mnadhani urafiki huanza kwa hotuba?

Sasa siku moja Mwegoha alikohoa tangu asubuhi, vumbi la chini lilikuwa limemjaa kifuani. Chibago akamwambia apumzike, leo atashuka yeye. Hebu fikirini. Mwana wa Ndahani anashuka shimoni, na aliye juu na kamba ni mtu aliyechomewa nyumba. Njia ya milimani ilikuwa wazi, hapakuwa na mlinzi wala jirani. Angeiachia tu ile kamba ya ngozi, akajifuta mikono, akaenda zake kwa mama yake.

Chibago mwenyewe alilifikiria hilo alipokwisha kufika chini. Akaimba kwa sauti inayotetemeka, "Juu kuna nani?"

Juu ikajibu, "Kuna ndugu yako."

Kuanzia hapo ndilo likawa jibu lao. Huyu akishuka, yule ni ndugu yako. Yule akishuka, huyu ni ndugu yako. Nanyi mjue kwamba neno hilo halikuwa mchezo. Kwa mila ya siku zile, mtu akimwita mateka ndugu mbele ya wazee, basi ni ndugu kweli. Hufungwi tena, huuzwi, na ukifa unazikwa na ukoo. Lakini bondeni hapakuwa na wazee, palikuwa na mijusi.

Mwezi wa tano udongo ukaanza kutoka na unyevu. Chibago akapeleka habari kijijini, na kesho yake alasiri wakaja wazee saba, Mzee Ndahani mbele, na mjumbe wa mtemi na fimbo yake. Wakasimama kuzunguka shimo. Mjumbe akamsifu Chibago kwa sauti, akasema mtemi ameshatenga kiti chake barazani na ndama wawili wa kuanzia. Chibago akasikia kifua kinapanuka. Siku hiyo aliyeshuka alikuwa Mwegoha.

Maji yakaja. Hayakuja kidogo kidogo kama tulivyozoea kuambiwa, yalipasua tope yakaingia kwa kishindo, na wale juu waliyasikia. Wazee wakashikana mikono. Kutoka chini ikaja sauti, haraka, na furaha ndani yake.

"Juu kuna nani?"

Chibago alikuwa ameshika kamba. Ameishika kwa mikono miwili, imara, tayari kuvuta. Akafungua kinywa. Akainua macho, akakutana na macho ya baba yake, yamemkazia, hayapepesi. Akaona kile kiti barazani. Akaona wazee saba wakisikia mwana wa Ndahani akimwita mfagia zizi ndugu. Akafunga kinywa. Akaitikisa kamba, akijiambia kwamba Mwegoha ataiona ikicheza, ataelewa.

"Juu kuna nani?"

Akaitikisa tena. Wanangu, si lazima angesema ndugu. Hata lile la mwanzo, kuna mtu, lile la shingo upande, lingetosha. Hakusema.

"Juu kuna nani?" Safari hii sauti haikuwa na furaha, maji yalikuwa yamefika kifuani.

Kimya.

Mwegoha aliiona kamba, nasema aliiona, ikicheza mbele ya uso wake. Lakini kamba hata upepo huichezesha. Alikuwa mtu wa neno lake, hakuigusa. Akaanza kupanda kwa vishimo vya miguu walivyochonga ukutani, na ukuta ulikuwa umelowa. Alifika nusu. Ukuta ukaporomoka, yeye na udongo na mawe, na Chibago akavuta kamba kwa nguvu zake zote, ikaja juu nyepesi.

Maji hayakukoma. Mjumbe akapiga vigelegele kama mwanamke, naye mtu mzima. Chibago akaifunga kamba kwenye gogo, akashuka mwenyewe, akazama majini, akafukua tope kwa kucha mpaka akamtoa. Wakamlaza pale juani. Mjumbe akamtazama, akasema basi na ahadi ya mtemi imekwisha, maana mwenye kuahidiwa hayupo. Akasema kwa wepesi tu, kama mtu anayekunja mkeka.

Chibago akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, naomba tumzike kwetu."

"Kwetu huzikwa ndugu," alisema Mzee Ndahani. "Ulimwita ndugu?"

"Nilimwita, baba. Miezi mingi."

"Mbele ya nani?"

Chibago akatazama mijusi juu ya mawe. Mzee akasema, "Jana ulipotuletea habari tulikusikia tangu njiani ukiuimba wimbo wenu peke yako, swali na jibu lake la ndugu. Tulijua. Pale shimoni nilikutazama nikingoja ujibu. Ungejibu, mwanangu, nisingekukataza. Yeye angekuwa wetu, na leo angekuwa anakwenda kwao."

Alisema kweli, au alikuwa anautua mzigo wake kwenye mgongo wa mwanawe? Mimi sijui. Sisi wazee tuna tabia hiyo, huwa wakarimu sana jambo likishapita. Ila kweli au uongo, neno lilimwingia Chibago na halikutoka.

Mwegoha alizikwa na mtu mmoja, kando ya bonde, bila ukoo. Kijiji kikanywa, ng'ombe wakazaa, na kisima kikaitwa Kisima cha Chibago. Alipewa kiti chake barazani, akakikalia miaka arobaini, na watu wanasema hapakuwa na mzee mkali kuliko yeye. Huko milimani mama mmoja alingoja mpaka akafa. Hakuna aliyemwendea. Chibago alijiandaa mara tatu kwenda, mara tatu akarudia njiani, kwa sababu angemwambia nini?

Basi lishikeni hili, na msinitazame kana kwamba nawagombeza, maana nawagombeza kweli. Msiogope macho ya mtu kabla hamjajua yanasema nini. Na anayekuita ndugu mkiwa wawili, mwitikie mkiwa kumi. Mkishindwa, msimwite kabisa.

Kisa changu kimekauka mdomoni. Aliyekisikia akibebe, aliyesinzia akaulize wenzake, na maganda hayo ya karanga yafagieni.