Kaka Anamalizia Kula

Ndugu zangu, alikuwepo fundi cherehani mmoja wa huko bara, Dar es Salaam anaisikia tu kwa watu. Siku moja mdogo wake wa kike, aliyelazwa hospitali mjini humo, akampigia simu. "Kaka, wananipasua kesho saa tisa mchana. Njoo unishike mkono tu. Naogopa."

"Nitafika mapema, mdogo wangu," akamwambia, akapanda basi.

Saa nne asubuhi akashuka. Lo, mji huo! Maghorofa ya vioo yamebeba mawingu ubavuni, na harufu ya nazi na mkaa inamvuta mtu kola. Akatembea kama aliye usingizini. Akasimama kutazama lifti ya kioo ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka. Akanywa juisi ya miwa yenye ndimu. Akala urojo, akaongeza bajia. Kona moja ikamkabidhi kwa kona nyingine, na jua likawa kama limesahau kwenda. Mnamlaumu? Mimi ningeongeza sahani.

Saa nane akafika mtaa wa hospitali. Ng'ambo ya geti palikuwa na mchoma mishikaki.

"Kaa upoe, kaka. Nyama inakaribia."

"Nina mgonjwa humo ndani."

"Si umeshafika? Mgonjwa hakimbii."

Akaona ni kweli. Akakaa, akala taratibu, macho yakifuata ndege zinazokwenda kutua.

Alipoingia wodini, kitanda cha mdogo wake kilikuwa kitupu. Muuguzi akalitazama shati lake la kijani. "Wewe ndiye kaka yake? Alikuona kutoka dirishani, unakula pale ng'ambo. Alikupungia mpaka mkono ukachoka. Tulipokuja kumchukua akatusihi tungoje: 'Kaka yangu yule pale mwenye shati la kijani, anamalizia tu kula.' Tukangoja robo saa. Daktari hakuweza zaidi."

Nawaona mnataka kuniuliza kama alipona. Alipona. Lakini aliingia chumba cha upasuaji peke yake na hofu yake, na saa ile hakuna wa kuirudisha.

Na sisi je? Mungu hakutukataza kutembea wala kula. Vitamu vyote ni vyake. Lakini yupo mtu aliyekuita, nawe ukamwambia unakuja. Pengine ni mama yako. Pengine ni jirani aliye kitandani. Unadhani hakuoni unavyokawia? Anakuona vizuri, na bado anakutetea mbele za watu. Inuka, ndugu yangu. Nenda kabla hujashiba.