Kasa Aliyepiga Hodi kwa Jumbe Kibwana

Paukwa!
Pakawa!
Nani huyo kanyamaza kule nyuma? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika pwani ya Mtondooni, palikuwa na Jumbe aitwaye Kibwana. Alikata mikoko yote mbele ya nyumba yake ili aione bahari. Akaiona. Na bahari ikamwona. Ikaja kuula ufuo wake: leo hatua, kesho hatua, keshokutwa hatua.

Jumbe akaita dubwana la chuma, jina lake Fyonza, lenye mkonga mrefu kuliko mnazi.

"Kafyonze mchanga wa kilindini, uutapike hapa kwangu!"

Fyonza akafyonza. Fyoo, fyoo, fyoo! Akatapika. Bwaa, bwaa, bwaa!

Ufuo ukanenepa, Jumbe akacheka. Lakini maji yakawa mazito kama uji. Nyasi za bahari zikafunikwa, zikafa. Kaa wakazikwa hai mashimoni mwao. Mwanatumu, mchokoa pweza, akaenda miambani maji yalipokupwa. Akachokoa shimo la kwanza, tupu. La pili, tupu. La tatu, akamkuta pweza anafunga virago.

"Unahama, kaka?"

"Dada, nina mikono minane, na yote haitoshi kujifuta tope machoni!"

Jioni hiyo akaja Kasa, mzito wa mayai, kutaga kwenye ufuo aliozaliwa. Kama ada yake, akaupigia mchanga hodi.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Mchanga kimya. Ule wa zamani ulikuwa ukimpisha. Huu mpya ulishindiliwa ukawa sakafu. Akachimba mpaka mapezi yakatoka damu.

"Nenda ufuo mwingine, shoga," Mwanatumu akamwambia.

"Siendi! Uhame mchanga huu ulioletwa na mkonga."

"Mchanga wa zamani umebaki mahali pamoja tu. Mbele ya baraza ya Jumbe."

"Jumbe amewahi kumfukuza mtu ambaye yeye mwenyewe amemwambia karibu?"

Mwanatumu akacheka hadi kijiti kikamponyoka. "Hajawahi. Ndiyo sifa yake pwani nzima!"

Kasa akapanda, akapanda, akapanda.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Jumbe alikuwa ndani, mdomo umejaa wali. Mazoea yakamtangulia. "Karibu! Karibu sana!"

Alipotoka, Kasa alikwisha kuchimba.

"Ewe gamba! Toka!"

"Umenikaribisha, Jumbe."

"Sikujua ni wewe!"

"Ungeuliza. Mimi nimepiga hodi. Fyonza wako alimpigia nani hodi alipoingia kwetu kilindini?"

Majirani wakajaa. Mwanatumu akapaza sauti: "Jumbe, leo unafukuza mgeni?"

Jumbe akameza wali, akampisha. Kasa akataga, akafukia, akainua shingo.

"Sasa mgeni wako anataka utulivu. Mnyamazishe Fyonza."

"Akinyamaza, bahari itanila!"

"Itakula vilevile. Mchanga alioufyonza ndio uliokuwa ukiyachosha mawimbi njiani. Sasa pale ni shimo, nayo yanafika na nguvu zao zote. Umebomoa kizingiti ili ujaze sebule!"

Hata hajamaliza, wimbi likaja, likamega mchanga mpya. La pili likamega. La tatu likapita kando ya mayai, likalamba ngazi ya baraza. Hakuna hata moja lililopiga hodi.

Jumbe akatazama ngazi. Akatazama watu.

"Fyonza!" akalia. "Nyamaza!"

Asubuhi akaingia topeni kupanda mikoko, Mwanatumu akimsimamia.

"Nyoosha hicho kichipukizi, Jumbe, kimelala kama wewe!"

Nyasi zilichelewa kuota. Pweza alichelewa kurudi. Kaa waliozikwa hawakurudi. Lakini mayai yalianguliwa, na watoto wa Kasa wakashuka baharini wakikanyaga miguu ya Jumbe, bila kuomba njia.

"Hata kuaga hawaagi?" Jumbe akanung'unika.

Kasa akamjibu kutoka majini: "Anayeaga ni mgeni, Jumbe. Hawa wako kwao."

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini. Anayetaka kuingia, apige hodi.