Kigingi Kilichoogopwa na Mto

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wanajuliana hali kabla ya kulana, palikuwa na mtaa uitwao Bondeni, kando ya Mto Nyamalo. Udongo wake ulikuwa mzuri na nyasi hazikukauka, ila kila masika mto uliingia majumbani mwa watu bila kupiga hodi. Mwaka huo mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, na kila mtu akaanza kukitazama kilima.

Kilima kilikuwa cha Nyani. Zamani aliwahi kuwapokea watu wa Bondeni waliokimbia wingu tu, wakamkalia miezi mitatu na kummalizia matunda. Tangu hapo aliapa: "Pembe ya mafuriko isipolia, simpokei mtu." Na pembe haikulia ovyo. Palikuwa na kigingi ukingoni mwa mto. Maji yakikifikia, mlinzi wa kigingi hupuliza pembe, na wote huhama. Mtu mwingine haruhusiwi kugusa kigingi wala pembe. Ndivyo walivyoachiwa na wazee wao, nao hawakuuliza zaidi.

Mlinzi alikuwa Fisi. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe, maana kila siku ambayo maji hayajafika kigingini, nyumba moja kwa zamu ilimpelekea mlo wa shukrani. Siku pembe ikilia, shukrani zinakoma, na huko kilimani kuna mapera matupu. Fisi akiona pera huumwa tumbo.

Basi maji yalipofika, Fisi alikitazama kigingi, akaitazama pembe, akakumbuka kwamba kesho ni zamu ya Ngiri, mpishi hodari. Akang'oa kigingi, akakichomeka hatua kumi juu zaidi. Kesho yake maji yakafika tena, naye akakihamisha tena. Kufikia siku ya tano, kigingi kilikuwa nyuma ya jiko la mfalme Simba, na majirani walikuwa wakisalimiana huku sufuria zao zikielea.

Mama Kanga akaenda barazani. Alikuwa na mayai kumi na mawili, yamebakiza siku mbili yaanguliwe, na alikuwa amekwisha kukiinua kiota chake mara tatu kwa majani.

"Ewe mfalme, maji yamefika kwangu," alisema.

Simba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, maji kiunoni. "Yamefika kigingini?"

"Ya kigingini siyajui. Yamefika magotini mwangu."

"Magoti yako si kigingi."

"Hata wewe umelowa, mfalme."

Baraza zima likamgeukia Simba. Simba aliinua mkono ili waone ulivyo mkavu, na samaki mdogo akadondoka kutoka kwapani.

"Mfalme halowi," alisema. "Maji ndiyo yamepata bahati ya kunigusa."

Fisi akajifuta mafuta mdomoni. "Tulia, Mama Kanga. Nimepima mwenyewe asubuhi. Bado hatua nne nzima."

Mama Kanga aliondoka akilia, wala hakuona haya kulia. Sungura akamfuata. Alfajiri ile Sungura alikuwa amemwona Fisi akitembea na kigingi begani, mithili ya mtu atokaye shamba na jembe lake.

"Sasa si useme!" Mama Kanga alimwambia.

"Nimwambie Simba kwamba amedanganywa siku tano? Hiyo ni kumwambia ni mjinga. Wa mwisho kumwambia hivyo alikuwa Swala, na siku hizi simwoni."

"Wanangu watazama, kaka Sungura."

"Hawazami. Kayaweke mayai tayari kwa safari."

Sungura akarudi barazani kwa kuogelea, akainama mpaka masikio yakazama. "Mfalme, nimekuja kukipongeza kigingi chako. Siku tano mto unafoka, lakini haujathubutu kukigusa. Mto unakiogopa!"

Simba akatabasamu. "Ni kigingi cha mfalme. Ulidhani utafanyaje?"

"Basi mbona tumekiacha pembeni? Shujaa hukaa mbele. Kikichomekwa katikati ya mto, maji yatakimbilia wapi? Si yatarudi yalikotoka?"

Baraza likashangilia. Hata Kobe, ambaye hakuwahi kuelewa jambo siku ileile, alipiga makofi.

"Fisi!" Simba aliamuru. "Kachomeke kigingi katikati ya mto. Sisi wengine haturuhusiwi kukigusa."

Fisi akatokwa na jasho. Akisema mto haukiogopi kigingi, ataulizwa mbona haukukipita. Akinyamaza, ataingia mtoni.

"Mfalme, kigingi... kina mafua."

"Kigingi cha mfalme hakiugui."

"Basi mafua ninayo mimi."

"Pole sana," Sungura alisema. "Mtoni hakuna vumbi. Kutakufaa."

Walimsindikiza kwa vigelegele. Fisi aliingia majini amekikumbatia kigingi, pembe shingoni. Hatua ya tatu, kigingi kikazama chote. Maji hayakurudi popote.

"Labda mto haujakiona," Simba alisema. "Kiinue kidogo."

Fisi akakiinua, na mkondo ukamzoa miguu. Alishika tawi la mti lililokuwa likielea karibu, akapiga yowe. "Haukiogopi! Nilikuwa nakihamisha! Kila asubuhi nakihamisha! Nitupieni kamba!"

Vigelegele vilikatika. Simba akayatazama maji yaliyomfika kifuani. "Nimelowa," alisema kwa sauti ndogo.

Sungura alikuwa na kamba mkononi. "Puliza pembe kwanza, Bwana Fisi. Bila pembe Nyani hatupokei, na sisi haturuhusiwi kuigusa. Kamba itafuata."

Fisi akapuliza huku akitapika maji. Ilitoka sauti ya ng'ombe anayezaa, lakini kule juu Nyani aliisikia, akashusha pumzi, akafungua njia. Kamba ikatupwa, Fisi akavutwa, na Bondeni nzima ikaanza kupanda.

Yakabaki mayai. Sungura akamnong'oneza Simba kwamba hakuna mfalme yeyote duniani aliyewahi kuvaa taji la mayai. Simba akapanda kilima shingo imekakamaa, mayai kumi na mawili yamefichwa ndani ya manyoya ya kichwa chake, na Mama Kanga akimfuata hatua kwa hatua. Siku mbili baadaye yalianguliwa yote humohumo, kwa kuwa mfalme alikataa katakata kuvua taji.

Fisi alivuliwa kazi, lakini watu wa Bondeni hawakumnyima shukrani. Kila siku, kwa zamu, nyumba moja ilimpelekea pera, ikasimama pale mpaka alimalize. Naye akilitafuna na uso umekunjamana, walimwambia kwa upole: njia ya mwongo ni fupi.